Chembe za sumaku zinagoma mpakani mwa maji na mafuta? Mwongozo kamili wa kuzivusha

Wadau, hili swali naulizwa mara nyingi mno na karibu kila mtu analeta malalamiko yale yale: nimeweka sumaku, chembe zimekuja vizuri mpaka ukingoni mwa tone, zimefika pale zimegoma, haziingii kwenye mafuta. Halafu mtu anaenda kutafuta sumaku kubwa zaidi, anarudi nayo kwa furaha, zinagoma tena, au mbaya zaidi tone zima linahama na chembe zake kama mpangaji anayehama na vyombo vyote.

Mara nyingi shida sio sumaku. Shida ni kwamba unajaribu kuzivusha zikiwa zimetawanyika, na chembe moja moja haivuki, ng'o. Kinachovuka ni donge. Kusanya kwanza, subiri, ndo uvute, tena polepole kuliko unavyodhani ni polepole. Mwongozo wote huu ni hayo maneno tu, ila kila neno lina mitego yake ndo maana nimeandika kirefu.

Tutakachofanya ni hiki: tone la maji lenye rangi na chembe (tuliite tone A), tone la maji safi (tone B), katikati mafuta. Unatoa chembe kutoka A, unazipitisha kwenye mafuta, unaziingiza B, na rangi inabaki kule kule A. Maabara wanatumia ujanja huu kuvuta DNA au seli zilizonasa kwenye chembe na kuacha uchafu nyuma, bila ile kazi ya kumwaga na kujaza maji ya kuoshea mara tano.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Chembe. Kama unafikia zile chembe za maabara za mikromita 1 hadi 5 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita; chembe zenyewe ni plastiki yenye oksidi ya chuma ndani), tumia hizo, ndo rahisi kuliko zote kwasababu sumaku ikiondoka zinaachana zenyewe. Huna? Tumia unga mweusi wa oksidi ya chuma, magnetaiti, ule laini kabisa unaotumika kama rangi. Usichukue ule mwekundu, huo ni ndugu wa kutu na sumaku inaugusa kwa mbali sana.

Vumbi la chuma la kwenye msasa au la gereji kwa fundi achana nalo. Punje zake ni kubwa, zinapasua mpaka kwa nguvu ya ubabe halafu zinashika kutu ndani ya maji na zinabaki na usumaku wao zikigandana. Na wino wa unga wa printa pia hapana, najua kuna watu wanaupenda kwasababu baadhi yake una magnetaiti, lakini ule ni plastiki inayopenda mafuta, ukishaingia kwenye mafuta haurudi kwenye maji, pia ni mbaya sana kuuvuta puani.

Sumaku. Neodimiamu, nyembamba na ndefu kiasi, kama kipenyo milimita 6 na urefu milimita 10. Unaweza kupanga zile ndogo bapa kadhaa zikashikana, ni sawa tu. Kwa nini nyembamba nitaeleza kwenye hatua ya nne, usinunue sahani kubwa ya sumaku ukidhani kubwa ndo bora.

Mafuta. Mafuta ya madini meupe yasiyo na harufu, yale ya duka la dawa. Wengine wanayaita parafini ya maji, na hapo kuwa makini maana kuna sehemu ukisema parafini unapewa mafuta ya taa. Mafuta ya taa hatuyataki hapa, yanashika moto na yanaharibu plastiki. Mafuta ya silikoni pia yanafaa. Ya kupikia yanaweza kukusaidia kujifunzia, ila yana asidi za mafuta ambazo zinakwenda kukaa pale pale mpakani na kuulegeza, kwahiyo majibu yako yatakuwa yanabadilika chupa kwa chupa.

Vingine: maji ya distili, sahani ya plastiki yenye kitako bapa na chembamba (sahani ya petri ya sentimita 9 ni nzuri kabisa), mabomba mawili ya sindano ya mililita 1 BILA sindano, rangi ya chakula ya kuyeyuka kwenye maji, kipande cha msasa laini, mfuko mdogo wa plastiki, glovu, barakoa ya kuzuia vumbi na simu yenye kamera inayozumu. Simu sio mapambo, utaona nitakavyoitumia.

Tahadhari za sumaku, soma hata kama una haraka. Hizi sumaku zikikutana mbili zinabana kidole mpaka damu. Mtoto akimeza mbili zinavutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa, hiyo ni dharura ya upasuaji, kwahiyo zihesabu kabla na baada ya kazi. Mwenye kifaa cha kuendesha moyo asizishike. Na usizichemshe ili kuziosha, zile za daraja la kawaida zikipita nyuzijoto 80 zinaanza kupoteza nguvu na hairudi.

## Kwa nini zinagoma (ukijua hii, nusu ya kazi imeisha)

Mpaka wa maji na mafuta ni kama ngozi iliyovutwa. Chembe ikitaka kutoka majini lazima iisukume hiyo ngozi mpaka ikatike. Nguvu ya ngozi inategemea mzingo wa kitu kinachopita, yaani duara lake, wakati nguvu ya sumaku inategemea ujazo wake wote.

Chukua chembe moja ya mikromita 2.8. Sumaku ya mkononi inaivuta kwa pikonewton makumi kadhaa, labda mia moja ukiisogeza karibu sana. Mpaka wa maji na mafuta safi ya madini una mvutano wa kama milinewton 50 kwa mita, na ukipiga hesabu ya mzingo wa hiyo chembe unapata upinzani wa nanonewton 400 na ushee (nanonewton moja ni pikonewton elfu moja). Hiyo ni mara elfu nne hivi ya mvuto wako. Sasa hata ukiongeza sumaku mara mbili si bado mara elfu mbili?

Lakini angalia kinachotokea ukizikusanya. Chembe 1,000 zikishikana, mvuto unapanda mara 1,000, ila donge lenyewe limenenepa mara 10 tu, kwahiyo upinzani umepanda mara 10 tu. Umepata faida ya mara 100 bila kugusa sumaku. Endelea hivyo, ukifika chembe laki tatu hivi, mvuto unaushinda mpaka. Na laki tatu sio nyingi, kwenye chupa ya maabara yenye miligramu 10 kwa mililita hizo zipo ndani ya nusu ya mikrolita (mikrolita ni sehemu moja ya elfu ya mililita).

Kuna jambo lingine baya zaidi. Chembe ikifika mpakani peke yake inaweza kutulia pale pale, nusu majini nusu mafutani, na ikitulia hivyo haitoki. Kuing'oa chembe ya ukubwa huu kunahitaji nishati mara mamilioni ya ule mtikisiko wa kawaida wa joto. Ndo maana ukitikisa sahani unapata kitu kama maziwa machafu kisichotengana tena, kila kitone kimejivika koti la chembe. Usitikise. Hata kidogo.

## Hatua ya 1: Andaa chembe

Vaa barakoa, weka unga wa miligramu 5 hivi (ncha ya kijiti cha meno, sio kijiko jamani) kwenye mililita 1 ya maji ya distili. Funga, tikisa kwa nguvu, hapa kutikisa ruksa kwasababu hakuna mafuta bado.

Ukitumia unga wa rangi, uoshe kwanza: weka sumaku ubavuni mwa chupa, subiri zishike, mwaga maji, jaza mengine. Rudia mara tatu mpaka maji unayomwaga yawe meupe. Ukiruka hili, ule uchafu laini usiovutika utakwenda kukaa mpakani na utalaumu kila kitu isipokuwa wewe.

Ukitumia chembe za maabara, hakikisha kwenye tone lako unapata angalau miligramu 0.2. Watu wanabania chembe kwasababu ni ghali, halafu donge linakuwa dogo, halivuki, wanapoteza zote.

Mwisho weka rangi ya chakula, tone moja dogo tu.

Umefaulu kama: ukitikisa unapata wingu moja jeusi au la kahawia bila mabonge, na ukiweka sumaku kando maji yanabaki na rangi ya chakula tupu ndani ya dakika moja.

## Hatua ya 2: Andaa sahani

Chora kwa kalamu chini ya sahani sehemu mbili, kutoka ukingo hadi ukingo ziachane kama milimita 15. Kwenye hizo sehemu mbili, upande wa ndani, paka msasa kidogo, duara la milimita 8 hivi. Usikwaruze katikati, njia ya donge iwe laini kama kioo.

Sababu: plastiki iliyokwaruzwa inalishika tone lisiteleze. Hii ndo dawa ya lile tatizo la tone zima kufuata sumaku. Mimi ilinichukua jioni tatu kuigundua, nilikuwa naongeza maji kwenye tone nikidhani litakuwa zito lisisogee, kumbe lilikuwa limekaa juu ya mafuta kama gari kwenye tope.

Futa vumbi la msasa kwa maji, kausha kabisa.

## Hatua ya 3: Matone kwanza, mafuta baadae

Mpangilio huu usiugeuze. Weka tone A juu ya plastiki kavu, mililita 0.2, hiyo ni kama matone manne ya bomba la sindano (tone moja la bomba lisilo na sindano ni kama 0.05). Weka tone B la maji safi mililita 0.2 kwa bomba LINGINE. Halafu ndo umimine mafuta taratibu kutoka pembeni mwa sahani mpaka yafunike matone yote, kwa sahani ya sentimita 9 ni mililita 30 hadi 35.

Ukianza na mafuta, tone litashuka na kukaa juu ya utando mwembamba wa mafuta, halijagusa plastiki, na msasa wako unakuwa kazi bure.

Inua sahani uiweke juu ya vitabu viwili vilivyoachana, ili mkono wenye sumaku upite chini yake. Simu nayo isimamishe iangalie kwa ubavuni, sio kwa juu. Kwa juu huoni mpaka unavyovutika.

Umefaulu kama: matone mawili yamesimama kama vifungo vya shati, kingo zake zinang'aa, na ukiisukuma sahani kidogo yanatetema ila hayatembei.

## Hatua ya 4: Kusanya donge

Vika sumaku mfuko wa plastiki (chembe zikishika sumaku yenyewe hazitoki, utazikwangua mpaka uchoke). Ilete chini ya katikati ya tone A mpaka iguse kitako cha sahani. Tulia. Sekunde 60 kamili, hesabu kwa simu, usihesabu kichwani maana kichwani watu wanahesabu 60 kwa sekunde 25.

Wakati unasubiri tazama umbo. Ukiona chembe zimejipanga duara, katikati wazi kama pete, sumaku yako ni pana mno. Sumaku bapa ina nguvu zaidi kwenye kingo zake kuliko katikati, kwahiyo chembe zinakwenda kingoni na unapata pete badala ya donge, na pete ni nyembamba kila sehemu, haivuki. Hii pete nimeiona kwenye picha nyingi nilizotumiwa, mtu anasema nimekusanya na kweli amekusanya, ila vibaya. Dawa ni sumaku nyembamba, au bandika msumari mnene wa chuma juu ya sumaku, ncha ikielekea juu, nguvu inakusanyika kwenye ncha.

Umbali nao unaua. Kwa hesabu ya sumaku ya 6 kwa 10 ya daraja la N42 hivi, kwenye milimita 1 juu ya uso wake kuna tesla 0.42 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), kwenye milimita 3 inashuka 0.17, milimita 5 ni 0.08, na milimita 10 umebaki na 0.02. Maana yake sahani yenye kitako kinene cha milimita 5 imekula nne ya tano ya sumaku yako kabla hujaanza.

Ukimaliza zile sekunde 60, zungusha sumaku taratibu kwenye kaduara kadogo mara tatu nne ili zilizobaki pembeni zikokotwe.

Umefaulu kama: maji ya tone A yamebaki na rangi ya chakula tu, yanapitisha mwanga, na katikati kuna donge moja jeusi kama kichwa cha pini, lina vimiba vidogo juu. Bado kuna wingu? Ongeza dakika. Ukivuta na wingu lipo, zile zilizochelewa ndo zitakwenda kujenga utando mpakani.

## Hatua ya 5: Vusha mpaka

Hapa ndo wanapofeli wengi.

Sogeza sumaku kuelekea tone B kwa mwendo wa milimita moja kwa sekunde, au chini ya hapo. Donge litafuata mpaka ukingoni mwa tone na litasimama. Litakaposimama, sumaku isonge mbele milimita mbili hivi ya donge, halafu nawe simama.

Watu hapa wanavuta. Wanaona donge limegoma wanaongeza kasi, sumaku inatangulia milimita 8 mbele, nguvu inashuka kama zile namba nilizokuonyesha, donge linaachwa, linalegea na kumwagika ndani ya tone. Ukisimama, sumaku inafanya kazi yenyewe.

Utakachoona kwenye simu kwa ubavuni ni hiki: ukingo wa tone unaanza kuvimba mbele ya donge, unachomoza kama chuchu ya chupa ya mtoto. Donge liko ndani ya ile ncha. Halafu nyuma yake panaanza kubana, shingo inatokea, inazidi kuwa nyembamba, uzi, halafu pap, imekatika. Tone A linarudi nyuma kwa mtetemo mmoja na donge liko nje kwenye mafuta, linang'aa kwasababu limejifunika ngozi nyembamba ya maji. Ile ngozi ya maji ni ya kawaida, chembe zinazopenda maji haziachi kubeba kidogo.

Kuanzia kuvimba mpaka kukatika inaweza kuwa sekunde 2, inaweza kuwa 20. Ikipita 30 bila shingo kutokea, sogeza sumaku milimita moja tu mbele, subiri tena. Ukifika hapo mara tatu na bado, rudisha donge katikati ya tone, kusanya upya, kuna uwezekano mkubwa donge ni dogo.

Umefaulu kama: donge liko peke yake mafutani, ni jeusi, halina mkia wa rangi nyuma yake. Mkia mrefu wa maji ya rangi unamaanisha ulikimbia.

## Hatua ya 6: Vuka mafuta

Rahisi. Milimita 15, mwendo ule ule, usiiache sumaku igande mahali pamoja muda mrefu ukaenda kupokea simu. Donge likiacha alama nyeusi chini, plastiki imechafuka au imekwaruzika, tenga sumaku na kitako kwa karatasi nene moja ili lisisuguliwe sana.

## Hatua ya 7: Ingiza kwenye tone B

Donge litagusa tone B na... hakuna kitu. Litabaki limeegama pale. Usishtuke na usilisukume, kati yao kuna utando mwembamba wa mafuta na lazima ujikamue utoke kwanza. Weka sumaku chini ya sahani, milimita mbili ndani ya ukingo wa tone B, shika hapo. Ghafla tone litalimeza, kama mtu anavyomeza kidonge.

Kwa mafuta mapya inachukua sekunde chache. Mafuta uliyoyatumia mara nyingi, au yaliyoguswa na sabuni, yanaweza kukufanya usubiri dakika nzima au yasimeze kabisa, hapo badilisha mafuta.

## Hatua ya 8: Zitawanye na upime ulichobeba

Ondoa sumaku, ipeleke mbali, sio kuishusha sentimita mbili. Chembe za maabara zitaanza kuachana zenyewe. Za unga zinahitaji kufyonzwa na kurudishwa kwa ncha ya bomba mara kadhaa, taratibu, ncha ikiwa ndani ya tone isiguse mafuta.

Sasa kipimo. Donge la upana wa milimita 1.2 lote zima lina ujazo wa kama mikrolita 0.9, kwahiyo hata likibeba maji tele haliwezi kupita sana mikrolita moja. Tone B lina mikrolita 200. Basi rangi ndani ya B isizidi moja ya 200 ya rangi ya A. Tengeneza kilinganishi: chukua maji ya rangi yale yale ya A yasiyo na chembe, tone moja la bomba (0.05) ndani ya mililita 10 za maji. Hiyo ndo moja ya 200. Weka tone lake la mililita 0.2 kwenye sahani nyingine juu ya karatasi nyeupe, linganisha na B.

B imekolea kuliko kilinganishi? Ulibeba mkia wa maji. Rudi hatua ya 5 na upunguze mwendo. Ikilingana au ikiwa nyeupe zaidi, hongera, kazi yako iko sawa na usimsikilize mtu anayesema mabaki ya rangi lazima yawe sifuri.

Unataka safi zaidi? Weka na tone C kabla ya kumimina mafuta, halafu ulivushe donge tena kutoka B. Moja ya 200 mara moja ya 200 ni moja ya 40,000.

## Bado inagoma? Angalia haya

Kuna utando mweusi umezunguka tone lote. Chembe zimenasa mpakani. Hizo umeshazipoteza, anza tone jipya, na safari hii subiri mpaka wingu liishe. Kama zilikuwa zinakwenda mpakani hata kabla ya sumaku, chembe zako hazipendi maji vya kutosha, labda zilikauka au zina mafuta.

Tone zima linafuata sumaku. Msasa hukupaka, au ulianza na mafuta, au tone ni dogo mno kulinganisha na donge.

Naweza kuweka sabuni? Hili naulizwa kila siku. Ndiyo inasaidia, inashusha mvutano wa mpaka na donge linapita kama halioni mlango. Ila unalipia: shingo haikatiki vizuri, linabeba maji mengi zaidi, na matone yanalala bapa yanataka kuungana. Mimi naiweka mwisho kabisa baada ya kushindwa kwingine kote, na ni ncha ya kijiti cha meno ndani ya mililita 10, kwenye tone A peke yake. Maabara wanatumia Tween 20 (aina ya sabuni ya maabara) kwenye asilimia 0.05 au karibu na hapo. Ukizidisha utapata povu la mafuta na maji na utafua sahani.

Kwenye mrija badala ya sahani? Inawezekana, maji chini mafuta juu, unapandisha donge kwa sumaku ubavuni. Sumaku ibaki imegusa ukuta muda wote na mrija uwe wa plastiki. Kwenye glasi maji yanapanda ukutani, na donge linajiburuza ndani ya ule utando wa maji, unadhani limevuka kumbe bado liko majini.

## Kusafisha

Mafuta yasiende kwenye sinki, yafyonze kwa karatasi utupe kavu, au yachuje uyatunze kwa mazoezi. Chembe zivute kwa sumaku ikiwa ndani ya mfuko, geuza mfuko ndani nje, umezipata zote. Zihifadhi ndani ya maji, chupa ijae na ifungwe, kwasababu zikikauka zinashikana na siku ukizirudisha kwenye maji utapata mabonge yasiyoachana hata utikise mpaka mkono ufe ganzi.